Jinsi ya kufanya mageuzi ya ofisi ya kaunti yadumu baada ya aliyeyaanzisha kuondoka

Anza na huduma moja inayomsumbua mwananchi. Kwa Mombasa, leseni ya biashara inafaa: waombaji ni wengi, ina ada, ina ukaguzi, na foleni yake kila mtu anaiona. "Kuboresha utawala" kwa jumla hakupimiki, na kisichopimika hakuna wa kukitetea gavana akibadilika.

Fuata maombi 20, tangu yanapopokelewa hadi leseni zinapotoka. Andika yalipita meza zipi, yalikaa siku ngapi kila meza, na yalitiwa sahihi ngapi. Mara nyingi utakuta kazi yenyewe ni ya saa chache, siku zilizobaki faili lilikuwa likingoja mkubwa arudi. Ufilipino ililishughulikia jambo hili kisheria: sheria ya 2007 iliweka kikomo cha sahihi 5, ya 2018 ikapunguza hadi 3, na kuweka siku 3 za kazi kwa maombi mepesi, 7 kwa magumu na 20 kwa ya kitaalamu sana. Ofisi ikinyamaza mpaka muda upite, na mwombaji ametimiza kila kitu na kulipa ada, ombi huhesabiwa limekubaliwa. Kwa leseni ya duka hilo ni sawa. Kwa kibali cha kujenga ghorofa, hapana. Huko adhabu imwendee afisa, jengo lisipite bila kukaguliwa.

Baada ya hapo tengeneza risiti. Iwe na mambo matano: tarehe ya kupokea, huduma iliyoombwa, tarehe ya mwisho ya kujibu, cheo cha afisa anayehusika, na cheo cha anayepokea rufaa. Karani asiruhusiwe kupokea karatasi bila kutoa risiti hiyo. Hapa ndipo mageuzi mengi huanza kuvuja: mwombaji huambiwa "acha hapo, tutakupigia", hapewi risiti, na kwa kuwa siku hazijaanza kuhesabiwa, takwimu za ofisi zinabaki safi huku dalali akingoja nje. Tuma mtu asiyejulikana apeleke ombi kila mwezi, uone kama anapewa.

Adhabu imguse mtu. Sheria ya India ya haki ya kupata habari, ya 2005, inatoa siku 30 za kujibu; afisa anayechelewa bila sababu ya maana hutozwa rupia 250 kwa siku, zisizozidi 25,000, na deni ni lake, si la idara. Faini inayolipwa na idara inatoka mfuko uleule wa mlipa kodi, kwa hiyo haimtishi mtu.

Haya yote yaingie kwenye sheria iliyopitishwa na bunge la kaunti. Waraka wa katibu wa kaunti ni wa haraka, lakini katibu anayefuata huufuta kwa waraka mwingine asubuhi moja.

Bajeti ina tarehe zake, na ukizikosa umepoteza mwaka mzima. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kufikia 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha 28 Februari, makadirio 30 Aprili. Tenga mistari yake: karatasi na printa, matengenezo ya mfumo wa kompyuta, mishahara ya watu wa dirishani. Mishahara hiyo ikilipwa na mfadhili, dirisha litafungwa mradi ukiisha. Mkataba wa mfumo useme data ni mali ya kaunti na inaweza kutolewa yote katika faili la kawaida, la sivyo kampuni iliyouza mfumo ndiyo itakayoamua bei mwaka wa tatu. Na maafisa wasiopungua wawili wajue kuuendesha. Uhamisho wa mmoja usizime huduma.

Sheria ikishasimama, usitazame tu kama itafutwa. Huchokolewa pembeni. Mwaka 2019 India haikugusa zile siku 30 za sheria yake ya habari. Ilibadilisha kipindi na malipo ya makamishna wa habari, wanaosikiliza rufaa za wanaonyimwa habari, vilivyokuwa vimeandikwa katika sheria, vikawa vya kuamuliwa na serikali kuu. Indonesia, mwaka huohuo, ilirekebisha sheria ya tume ya kupambana na ufisadi, KPK, iliyotungwa 2002: wafanyakazi wake wakafanywa watumishi wa serikali, na mwaka 2021 zaidi ya 50 wakaondolewa baada ya kuambiwa wamefeli mtihani wa uraia. Kwa hiyo kila mswada wa marekebisho usome kwanza sehemu za uteuzi, mishahara na nani anamripotia nani.

Takwimu za kila mwezi zibandikwe katika ofisi za wadi zote 30: maombi yaliyopokelewa, yaliyojibiwa kwa wakati, yaliyochelewa, na rufaa. Chama cha wafanyabiashara kiwe na nakala. Zikikoma kubandikwa, raia yeyote aziombe kwa maandishi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya Kenya ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na isipojibu malalamiko hupelekwa Tume ya Haki ya Utawala.