Namna ya Kufunga Torniketi Kuzuia Damu Nyingi Kabla ya Kufika Hospitali

Mwili wa mtu mzima una damu ipatayo lita 5, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika, majeruhi anaweza kufariki ndani ya dakika chache, kabla hata gari la kumbeba halijapatikana. Ndiyo maana kazi ya kuizuia damu humwangukia aliye karibu, awe dereva wa bodaboda, mpita njia au jirani aliyesikia kelele shambani.

Piga simu au mtume mtu akatafute usafiri, jikinge mikono kwa glavu au hata mfuko wa plastiki, kisha weka kitambaa safi juu ya jeraha na ukandamize kwa nguvu zako zote. Majeraha mengi hutulia kwa njia hiyo peke yake. Torniketi, yaani mkanda unaokazwa kuzunguka mkono au mguu hadi damu isipite, ni ya pale damu inaporuka kwa mapigo, inapotuama chini, au inapoendelea kutoka ijapokuwa umekandamiza.

Kama huna torniketi ya dukani, kunja kanga au kitambaa kingine imara hadi kipate upana wa vidole vitatu. Usitumie waya wala kamba nyembamba, kwa sababu hukata nyama bila kuubana mshipa ulio ndani. Zungushia kitambaa hicho juu ya jeraha, upande wa kuelekea moyoni, kiasi cha sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye jeraha, wala kisikae kwenye goti lenyewe au kiwiko chenyewe. Funga fundo moja, laza juu yake kijiti kigumu au spana ya pikipiki (kalamu huvunjika), funga fundo la pili juu ya spana hiyo, kisha izungushe mpaka damu ikome kabisa, na uifunge ncha yake isije ikajirudi.

Kosa linaloua ni kufunga kwa huruma. Vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zina kuta laini na huzibika mapema, ilhali ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, huendelea kusukuma damu, kwa hiyo mkanda uliolegea huizuia damu isirudi moyoni huku nyingine ikizidi kumwagika jerahani. Majeruhi atalia, maana torniketi iliyokazwa vyema inauma sana, mwambie mapema, "Ndugu yangu, itauma, lakini vumilia, ndiyo inayokuzuilia damu." Ikiwa damu bado inatoka, kaza zaidi, au funga ya pili juu kidogo ya ile ya kwanza.

Ikishakaza, usiilegeze. Wapo wanaoifungua kila baada ya muda ili mguu "upumue", na kila wanapofungua majeruhi hupoteza damu ambayo hana tena ya kufidia. Kwa kawaida kiungo huweza kustahimili kufungwa kwa muda usiozidi saa 2 bila madhara makubwa ya kudumu. Baada ya hapo hatari huongezeka, lakini uamuzi wa kufungua hubaki kwa wahudumu wa hospitali.

Kinenani na kwapani torniketi haifungiki: shindilia kitambaa ndani ya jeraha mpaka lijae, ukandamize bila kuachia. Aliyeumwa na nyoka naye asifungwe kabisa, ingawa desturi hiyo imeenea vijijini, kwani kufunga hakuzuii sumu na kunaweza kuuharibu mguu ambao ungepona.

Muda uliofunga uandike kwa kalamu kwenye paji la uso la majeruhi au juu ya kitambaa chenyewe, na uandike kwa ukamilifu, "saa 4:20 asubuhi", kwa kuwa hospitalini wengi huandika kwa saa 24 na "4:20" tupu inaweza kusomeka kuwa alfajiri. Usiifunike torniketi kwa shuka, na mkifika mapokezi, mwonyeshe muuguzi wa kwanza kuwapokea mahali ilipo na muda ilipofungwa.