Jinsi ya kutunga jueju, shairi la Kichina la mishororo minne

Jueju ni ubeti mmoja tu wa mishororo minne, na kila mshororo una herufi tano, au kila mmoja una saba. Herufi ya Kichina husomwa kwa silabi moja, kwa hiyo shairi zima lina mizani 20 au 28. Umbo hili lilikomaa katika enzi ya Tang (618–907), na kanuni zake hufuata matamshi ya zama hizo, si ya Beijing ya leo. Hapo ndipo wanafunzi wengi wa Kichina hukwama.

Mwongozo huu unamfaa anayesoma herufi kiasi na kuijua pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini. Kwa Kiswahili haiwezekani, maana kanuni kuu ni ya toni na sisi hatuna toni. Ukipanga mishororo minne mifupi yenye vina utapata tarbia, na si vibaya, ila si jueju.

Shairi la kufanyia kazi

Tutatumia shairi linalohesabiwa kuwa la Wang Zhihuan (688–742), kuhusu mnara ulio karibu na Mto Manjano. Alama ○ ni toni ya ping, yaani tambarare, na ● ni ze, yaani iliyopinda.

白日依山盡 bái rì yī shān jìn ●●○○●
黃河入海流 huáng hé rù hǎi liú ○○●●○
欲窮千里目 yù qióng qiān lǐ mù ●○○●●
更上一層樓 gèng shàng yī céng lóu ●●●○○

Maana yake: jua jeupe lazama likiegemea milima, Mto Manjano wakimbilia baharini, ukitaka jicho lifike mwisho wa li elfu (li ni kipimo cha Kichina cha umbali), panda ghorofa moja zaidi.

Kupanga toni

Kichina cha kale kilikuwa na toni nne: ping, shang, qu na ru. Ya kwanza peke yake ni ping. Tatu zilizobaki zote huhesabiwa ze. Kwa Kimandarini cha leo, toni ya kwanza na ya pili ni ping, ya tatu na ya nne ni ze. Kanuni hiyo ingetosha kama si toni ya ru. Silabi za ru ziliishia kwa p, t au k, na Kimandarini kimezipoteza kabisa, herufi zake zikatawanyika katika toni zote nne.

Shairi letu lina herufi sita za ru: 白, 日, 入, 欲, 目 na 一. Nne kati ya hizo leo zina toni ya nne, hazikusumbui. Lakini 白 (bái) na 一 (yī) zinasikika kama ping, ilhali kwa mtunzi wa Tang zote mbili ni ze. Ukipima kwa sikio la leo utaona kasoro isiyokuwepo. Dawa ni kamusi yenye matamshi ya Kikantoni, Kichina cha kusini kilichohifadhi miisho hiyo: 白 ni baak, 一 ni jat. Ukiona p, t au k mwishoni, andika ●. Angalia pia herufi zenye matamshi mawili. 更 ikisomwa gèng, kwa maana ya “zaidi”, ni ze. Ikisomwa gēng, “kubadili”, ni ping.

Mifano minne ya mshororo

Jueju ya herufi tano iliyofuata kanuni hujengwa kwa mifano hii minne tu:

A ●●○○●
B ○○●●○
C ○○○●●
D ●●●○○

Mpangilio wa kawaida ni A B C D, kama shairi letu, au C D A B. Ukitaka mshororo wa kwanza nao uwe na kina, tumia D B C D au B D A B. Kwa herufi saba, tanguliza herufi mbili zenye toni kinyume cha zile mbili za mwanzo. A inakuwa ○○●●○○●.

Si lazima kukariri mipangilio yote. Tazama herufi ya pili ya kila mshororo: wa kwanza na wa pili ziwe kinyume, wa pili na wa tatu zifanane, wa tatu na wa nne ziwe kinyume tena. Katika shairi letu ni 日 ●, 河 ○, 窮 ○, 上 ●. Kufanana kwa wa pili na wa tatu huitwa nian, na ndiko kunakosahaulika zaidi; bila nian, shairi linakuwa jozi mbili zisizoshikana.

Herufi ya pili, ya nne na ya tano hazina mjadala. Ya kwanza na ya tatu zina nafasi ya kulegezwa, ndiyo maana mshororo wa tatu umeanza na 欲 (●) badala ya ○. Ila uhuru huo una mipaka, na njia nzuri ya kuiona ni kuliharibu shairi makusudi.

Badilisha 黃河 iwe 大河, “mto mkubwa”. Mshororo wa pili sasa ni ●○●●○: ukiacha kina, ping imebaki moja tu. Kosa hili huitwa guping, ping yatima, na katika mfano B halivumiliki. Unaweza kuliokoa kwa kuifanya herufi ya tatu iwe ping, kwa mfano 大河歸海流, “mto mkubwa warejea baharini”, ●○○●○. Toni imepona, lakini umeshapoteza rangi ya manjano iliyokuwa ikijibu weupe wa jua.

Sasa jaribu kupanda ghorofa tatu: 更上三層樓. Inatoka ●●○○○, ping tatu mfululizo mwishoni, kosa jingine zito. Kuanzia moja hadi kumi, ni tatu pekee iliyo ping. Elfu (千) nayo ni ping, lakini mia (百) na elfu kumi (萬) ni ze. Mtunzi mwenye uzoefu huchagua namba kwa toni kwanza, hesabu baadaye. Ze tatu mwishoni mwa mfano C, kama 欲窮萬里目, ni kasoro ndogo na wengi huisamehe.

Vina

Kina hukaa mwisho wa mshororo wa pili na wa nne, kwa kawaida kwa toni ya ping. Wa tatu hauna kina na huishia kwa ze. Vina hupimwa kwa jedwali la Pingshui lenye makundi 106, 30 yakiwa ya ping. Usitegemee sikio: 東 na 冬 zote ni dōng lakini ziko makundi tofauti, wakati 斜 (xié) iko kundi moja na 家 (jiā) na 花 (huā). Ukipenda kutunga kwa matamshi ya leo, yapo majedwali ya Kimandarini na yanakubalika, mradi usichanganye mifumo miwili katika shairi moja.

Namna ya kuanza

Chagua kundi la vina kwanza na uandike kando herufi nane au kumi unazozimudu. Kisha tunga mshororo wa tatu na wa nne kabla ya wa kwanza. Kwa utaratibu wa kale, wa kwanza hufungua, wa pili huendeleza, wa tatu hugeuza, wa nne hufunga. Mandhari ya kufungulia hupatikana kirahisi, mgeuko haupatikani. Angalia Wang: mishororo miwili ya macho tu, halafu ghafla 欲, “ukitaka”, na mtu anaingia.

Kila mshororo ukatike 2+3, au 4+3 kwa herufi saba. Neno la herufi mbili likikalia mkato, yaani herufi ya pili na ya tatu, libadilishe hata kama toni ni safi. Usirudie herufi bila sababu. Nafasi 20 ni chache mno. Ulinganifu wa neno kwa neno, kama wa jua na mto hapo juu, si sharti katika jueju.

Na usimwige mshairi Li Bai katika shairi lake maarufu la mwanga wa mwezi kitandani, ambalo karibu kila mwanafunzi hulikariri. Limerudia herufi, na nian haimo. Hilo ni jueju la mtindo wa kale, lisilofungwa na kanuni hizi, na ukilitumia kama kipimo utadhani toni hazina kazi.