Cheti cha kurusha droni kwa malipo Marekani: hatua zake, na hesabu ya mawingu iliyoniangusha

Ukirusha droni kupiga picha za harusi au za nyumba zinazouzwa na mteja akakulipa, TRUST haikutoshi. Ule ni mtihani wa bure wa wanaorusha kwa kujifurahisha. Kazi inataka cheti cha Part 107, yaani sehemu ya sheria inayohusu droni za kazi, kutoka FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Uwe umetimiza miaka 16 na uwe unaelewa Kiingereza. Uraia si sharti.

Fungua kwanza akaunti ya IACRA, tovuti ya FAA ya kuombea vyeti, upewe FTN, namba yako ya utambulisho huko FAA. Andika jina lako vilevile lilivyo kwenye kitambulisho utakachokwenda nacho kwenye mtihani. Sisi wenye majina matatu ndipo tunapoumia. Pasipoti yangu ina jina la babu, leseni yangu ya udereva haina. Nilijisajili kwa majina matatu, nikaenda kituoni na leseni, nikarudishwa mlangoni, na ada ya dola 175 ikaenda na maji. Pasipoti peke yake isingeniokoa, kwa kuwa haionyeshi anwani ya makazi, nayo lazima waione. Fuata leseni.

Mtihani unaulipia na kuupangia siku kupitia PSI, kampuni inayousimamia: maswali 60, muda wa saa mbili, alama ya kupita asilimia 70. Ukianguka unasubiri siku 14, kisha unalipa upya. Mimi nilianguka, na kilichoniangusha zaidi ni mawingu.

Sheria yenyewe ni fupi. Droni isipite futi 400 kutoka ardhini, ibaki angalau futi 500 chini ya wingu na futi 2,000 pembeni yake, na wewe uweze kuona mbali maili 3, karibu kilomita 4.8. Sababu yake inaeleweka: helikopta ikichomoza kutoka kwenye wingu, rubani wake na wewe mnahitaji nafasi ya kuonana na kukwepana. Ugumu uko kwenye kuisoma hali ya hewa. METAR, taarifa ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege, ikiandika OVC008, anga limefunikwa kuanzia futi 800 juu ya uwanja wa ndege. Toa 500, zinabaki 300. Hizo ndizo zako siku hiyo. Zile 400 zisahau. Ikiwa OVC005, droni inabaki kwenye begi.

Halafu kuna swali la mnara. Sheria inaruhusu kupanda futi 400 juu ya kilele chake ukiwa ndani ya futi 400 kutoka mnara wenyewe. Nilipewa mnara wa futi 700 na mawingu ya futi 1,000, nikajibu 1,100 bila kusita. Jibu ni 500, kwa sababu ruhusa ya mnara haifuti sheria ya mawingu. Fanya mazoezi ya hesabu hizi mpaka mkono uzoee, maana ukishapata cheti utazihitaji kila asubuhi ya kazi.

Ukipita, ingia tena IACRA ujaze ombi kwa namba ya mtihani yenye tarakimu 17. TSA, idara ya usalama wa usafiri, wakishakukagua unapata cheti cha muda, na kadi inafuata kwa posta. Sajili kila droni kwa dola 5 kwa miaka 3, na uhakikishe ina Remote ID, mfumo unaotangaza utambulisho na mahali ilipo ikiwa angani. Kila baada ya miezi 24 kuna mafunzo ya marudio mtandaoni, bure.

Usiibebe sheria hii kuvuka mpaka. Katika kundi la "Open" la Umoja wa Ulaya, lile la urushaji wa hatari ndogo, hutapewa futi za kukaa mbali na wingu. Unatakiwa kuiona droni kwa macho yako muda wote na kutopita mita 120. Kwa hiyo kule ukungu unakuzuia kwa sababu macho hayafiki. Na ukienda nyumbani Kenya, cheti cha FAA hakikupi ruhusa ya kurusha, na droni yenyewe inahitaji kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, cha kuiingiza nchini. Kibali hicho kiombe kabla hujakata tiketi, utue nacho mkononi, kwa sababu pale forodhani ndipo droni nyingi za wageni wa Desemba zinapobaki.