Maji ya kufulia hayawekwi akiba jamani

Juzi hapa Chamwino nimeingia kwa mama mmoja, sijapiga hodi harufu imeshanipokea, nikajua tu hapa kuna pipa. Na kweli, lita 200, maji ya kufulia na kuoshea vyombo ya tangu Jumatatu na siku hiyo ni Ijumaa, meusi, utando juu, viluwiluwi vya mbu vinacheza. Ananiambia "nayaweka akiba mwanangu, mvua za siku hizi huzielewi." Akiba ya nini mama? Mchicha wenyewe kingo zimeungua kama umepitishwa motoni.

Na sio yeye tu, kila kijiji nakuta hilo pipa. Haya maji mwisho wake masaa 24. Umefua asubuhi, jioni yawe yameshaingia kwenye udongo, basi. Yakilala, vijidudu vinazaliana kwenye yale mafuta na mabaki ya chakula, hewa inaisha ndani ya maji ndo hapo yananuka, halafu jua linakausha maji ila chumvi ya sabuni haiendi popote, kwa hiyo ukija kumwaga siku ya nne unamwaga kitu kikali kuliko ulichokusanya, na huku kwetu Dodoma visima vingi ni maji chumvi tayari!

Povu la kwanza mwaga mbali na bustani, chukua ya suuza. Yenye jiki au ya nepi za mtoto usilete kabisa. Chuja kwa ndoo iliyotobolewa chini, kokoto sm 10, juu yake mchanga uliooshwa sm 20. Nimesema ishirini. Kuna mtu nimemkuta kaweka viganja viwili vya mchanga utadhani anakaanga karanga.

Usimwagie majani, na mboga za kula mbichi kama nyanya za kachumbari ziache kabisa. Mgomba au mpapai ndo mahali pake, chimba kifereji kuzunguka shina, umbali sm 30, ndoo moja ya lita 20, kesho hamia shina lingine, na kila baada ya siku saba shina lipate ndoo ya maji safi yasukume chumvi chini. Hili la siku ya saba wengi mnaliruka, halafu mnakuja kulalamika udongo umekuwa mgumu.

Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo ujue chumvi imejaa, ila usipouona usijidanganye kwamba uko sawa.

Pipa lisugue, lifunike, Desemba likinge maji ya bati.