Kwilti ya viraka kwa kushona kanda: hatua na maswali

Kwilti ni blanketi la tabaka tatu zilizoshonwa pamoja: uso wa viraka, pamba ya kujazia na bitana. Kwa njia hii hukati viraka kimoja kimoja. Unashona kanda ndefu, kisha unazikata zikiwa zimeshaungana. Vipimo hivi vinatoa kwilti ya mtoto ya sm 72 kwa 108 kabla ya pindo.

Andaa pamba tupu ya upana wa sm 110: sm 75 ya rangi nzito, sm 75 ya nyepesi, pamoja na bitana na pamba ya kujazia. Fua vitambaa kwanza. Nyekundu na buluu nzito huchuja.

1. Kata kanda 9 za kila rangi, upana sm 7.5, kwa upana wote wa kitambaa.

2. Shona seti 3 za kanda 6, nzito na nyepesi zikipokezana. Mshono uwe sm 0.75 kutoka ukingoni, hatua ya sindano mm 2; hatua ndefu zitafumuka ukishakata. Hapa ndipo wengi huharibu. Ukizidisha mm 1 tu, kila mshono unakula mm 2, na mishono mitano inakula sm 1 nzima. Pima seti: lazima iwe sm 37.5. Kama haifiki, fumua sasa hivi.

3. Laza mishono yote kuelekea rangi nzito. Bandika pasi na kuinua, usiiburute.

4. Nyoosha ukingo, kata vipande 12 vya sm 7.5 kwa kila seti.

5. Geuza kila kipande cha pili juu chini, unganisha sita sita. Utapata miraba 6; ipange 2 kwa 3.

6. Tandika bitana, pamba ya kujazia, kisha uso, yaani miraba uliyoiunganisha. Bitana na pamba zizidi sm 5 kila upande. Piga bandi (mishono mirefu ya muda) kuanzia katikati, shona kupitia tabaka zote, kisha weka pindo.

Swali: Fundi, seti yangu imejipinda. Cherehani ni mbovu?

Jibu: Huenda umeanza kila mshono upande uleule. Meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini zaidi ya cha juu. Badilisha upande wa kuanzia kila unapoongeza ukanda.

Swali: Kona hazikutani.

Jibu: Papasa kwa vidole: mshono mmoja ulale kulia, mwenzake kushoto, ibanane, ndipo uchome pini. Ikilala upande mmoja, pasi ilikosewa hatua ya 3.

Swali: Naweza kuchanganya na kitambaa cha fulana?

Jibu: Usichanganye. Kinavutika, na vipimo vyote vitahama.