Tengeneza kikombe cha pweza kinachoshika na kuachia, kwa sirinji na silikoni

Wakuu, nianze na hili maana wengi tunaingia vibaya hapa: kunata peke yake ni rahisi, selotepu inanata, lami inanata. Kazi iko kwenye kuachia. Roboti laini (lile la mpira au silikoni, si la chuma) lishike nyanya, liinyanyue, liiweke unapotaka halafu mkono utoke bila nyanya kuufuata wala kupasuka. Mjusi kafiri ukutani na pweza baharini wanafanya hivyo siku nzima, na leo nakuelekeza namna ya kumuiga pweza.

Mjusi nimemuacha kwa sababu moja tu, vinywele vyake ni vidogo mno. Wale wa Asia wanaoitwa tokay mguu mmoja una vinywele karibu nusu milioni, na ncha ya kila kinywele imegawanyika mamia ya mara hadi upana wa nanomita 200 hivi (nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni). Mwaka 2000 mtafiti Kellar Autumn na wenzake walipima kinywele kimoja wakapata nguvu ya maikronyutoni kama 200 (sehemu 200 za milioni za nyutoni, kipimo cha nguvu), na 2002 wakaonyesha kinachoshika ni nguvu za van der Waals, yaani mvutano mdogo kati ya molekuli zilizokaribiana sana, hakuna gundi wala ute. Akitaka kuondoka anakunjua vidole kuanzia nchani, kinywele kikifika nyuzi 30 hivi na ukuta kinabanduka chenyewe. Na kwa kuwa haitegemei hewa, NASA wamejaribu vishikio vya aina hiyo kwenye kituo cha anga za juu. Ila kuchonga vitu vya nanomita nyumbani, hapana.

Pweza yeye anatumia presha. Ukimshika mbichi pale sokoni angalia vikombe kwenye minyiri yake, sehemu ya nje ni pana na laini, inalala juu ya kitu na kuziba kila upenyo, ndani kuna kachumba. Misuli ikikapanua hako kachumba presha inashuka, na maji au hewa ya nje ndo inakigandamiza kikombe kwenye kitu. Misuli ikilegea, kwisha. Timu ya mtafiti Michael Bartlett pale chuo kikuu cha Virginia Tech, Marekani, mwaka 2022 walitoa glavu yenye vikombe vya namna hii, kila kimoja kina utando laini unaovutwa na kusukumwa kwa hewa, na hicho ndo tunachotengeneza.

Anza na jaribio la bei chee kabla hujanunua silikoni. Tafuta kifuniko cha bomba la PVC la inchi moja, puto, sirinji kubwa ya ml 60 na mpira wa dripu mpya kutoka duka la dawa (mpya kabisa, usiokote uliotumika). Toboa kifuniko kwa nyuma tundu la milimita 4, penyeza mpira, ziba kwa gundi ya moto pande zote. Mdomo wa kifuniko uupige msasa mpaka ukipitisha kidole usikwaruze, hapa usiharakishe maana kamkwaruzo kadogo tu ni njia ya hewa. Kata puto, livute juu ya mdomo kama ngozi ya ngoma ila lisikaze sana, funga kwa rababendi. Upande wa pili wa mpira uloweke kwenye maji ya moto ulainike kisha uvalishe kwenye mdomo wa sirinji.

Lowesha puto kidogo, gandamiza kwenye kioo, vuta sirinji. Utando unabonyea kwa ndani, chini yake presha inashuka, kikombe kimeshika. Ukitaka kibaki hivyo funga kile kigurudumu cha dripu. Ukisukuma sirinji utando unavimba kama kitumbua, kingo zinanyanyuka, kinaachia papo hapo. Kushika na kuachia vyote kwa utando mmoja!

Hesabu yake iko hivi, kikombe cha kipenyo cha milimita 30 kina eneo la milimita za mraba 707, ukifanikiwa kushusha presha kwa kilopaskali (kipimo cha presha) 25 tu unapata nyutoni 17 na kitu, sawa na kubeba kilo moja na robo tatu. Hewa ya usawa wa bahari ni kama kilopaskali 101 kwa hiyo bado una nafasi kubwa, japo walioko Nairobi au Iringa wana hewa nyepesi zaidi, na kikomo cha nguvu watakayopata kiko chini kuliko cha mtu wa Dar au Mombasa.

Ukiona kinashika kinyonge, mara nyingi shida ni hewa nyingi ndani ya kifuniko, unavuta sirinji inatanuka tu hiyo hewa na utando hausogei. Jaza mfumo wote maji, toa mapovu yote, utaona utando unafuata sirinji kila mililita.

Sasa silikoni. Nunua ile laini ya moldi yenye sehemu A na B, kwa mfano Ecoflex 00-30, unachanganya nusu kwa nusu, unayo dakika kama 45 za kufanyia kazi na inakauka kwa masaa 4. Mimina juu ya kioo kisafi unene wa milimita moja hivi, kwa mkondo mwembamba kutoka juu ili mapovu yapasuke njiani. Upande uliolalia kioo ndo unatoka laini kabisa, huo ndo utazame nje. Tengeneza pia pete nene ya milimita 5 ya kuvalisha mdomo wa kifuniko, bandika utando juu ya pete kwa silikoni mbichi kidogo, kisha kaza pete na zip tai kwa sababu silikoni haishiki vizuri kwenye PVC. Ule mdomo laini ndo utakaokuwezesha kushika embe na nyanya, vitu vilivyopinda, ila tofali na jiwe usitegemee, hewa inapita kwenye vitundu.

Tahadhari kubwa: silikoni hizi zinazokaushwa na platinamu haziivi zikigusa mpira wa asili au salfa. Mara ya kwanza nilivaa glavu za lateksi (mpira wa asili), nikasubiri hadi kesho yake, bado ilikuwa inavutika kama bamia, nikatupa yote. Vaa za nitraili, na usimimine juu ya puto.

Ukimaliza pima, na upime mara mbili. Chukua mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki, vuta kikombe kikiwa kimeshika, andika. Halafu vimbisha utando, vuta tena, andika. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, jibu likiwa kubwa ndo vizuri. Ukibeba kilo 2 lakini wakati wa kuachia bado unahitaji nguvu ya nusu kilo, hicho bado kitaangusha nyanya, punguza unene wa utando urudie. Na kila baada ya majaribio kumi hivi osha utando kwa sabuni, vumbi likikaa kwenye kingo namba zako zitashuka utadhani umeharibu kitu.