Jinsi ya kupima tabia ya mafuta kutoa masizi katika maabara ya Nairobi

Kila mafuta yana urefu wa mwali ambao ukipitwa, moshi huanza. Urefu huo ukiwa mfupi, mafuta ni ya masizi mengi. Ukiwa mrefu, yanaungua safi. Mafuta ya ndege ya Jet A-1 hutakiwa kufikia angalau milimita 25, au 18 iwapo naftalini, aina ya kampaundi zenye kutoa masizi mengi, haizidi asilimia 3.

Kipimo hufanyika kwa taa maalumu ya maabara yenye utambi, dohani na skeli ya milimita nyuma ya mwali. Koroboi ya mafundi wa Kamukunji haifai hapa, kwani mwali wake hauna kinga na hata mtu akipita karibu huyumba. Loweka utambi mpya katika mafuta yatakayopimwa, uukate sawasawa kwa wembe, na uhakikishe umechomoza milimita 6. Zima feni, washa, uache mwali wa milimita 10 uungue kwa dakika 5. Kisha upandishe mpaka uzi mweusi wa moshi utoke juu ya ncha ya njano, halafu ushushe taratibu hadi uzi huo ukatike na ncha ibaki butu kidogo. Jicho likiwa usawa wa ncha, soma urefu. Rudia mara tatu, kila mara ukianzia kwenye moshi.

Penye kuwapotosha wengi ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni takriban kilopaskali 82, ilhali Mombasa ni takriban 101. Shinikizo likipungua, masizi hupungua pia, hivyo mafuta yale yale yatasomeka mwali mrefu zaidi huku juu, na mpimaji asiyekumbuka hilo atayasifu bure. Kwa sababu hiyo ni lazima kupima pia mafuta rejea, yaani yale ambayo urefu wake wa mwali unajulikana tayari. Mchanganyiko wa isooktani asilimia 85 na tolueni asilimia 15, kwa ujazo, una thamani rasmi ya milimita 25.8. Gawanya 25.8 kwa urefu uliousoma wewe, kisha zidisha matokeo ya sampuli yako kwa jibu hilo. Ni bora zaidi kutumia michanganyiko miwili ya rejea, mmoja ulio juu ya sampuli na mwingine ulio chini yake. Vimiminika hivi huwaka upesi kama petroli, kwa hiyo vichanganywe penye kifyonza mvuke, mbali na taa iliyowashwa, na visitiwe kamwe katika taa ya nyumbani.

Upande wa modeli, yaani kuuiga mwali kwa hesabu za kompyuta, programu huria ya Cantera, inayokokotoa mimenyuko ya kemikali, inatosha kuanzia. Mafuta ya taa yana kampaundi nyingi mno, basi anza na ethani katika mwali ambapo mafuta na hewa hukutana uso kwa uso, ukitumia orodha ya mmenyuko ya GRI-Mech 3.0. Orodha hiyo haina benzini, ambayo ndiyo mlango wa kuingilia kwenye masizi, kwa hiyo utafuatilia asetilini tu, inayokuza chembe za masizi zikishazaliwa. Endesha hesabu kwa kilopaskali 82 na 101, lakini usiishie kulinganisha asilimia za asetilini, kwa kuwa zinaweza kukaribiana sana. Linganisha moli kwa kila mita ya ujazo, maana kasi ya chembe kukua hufuata kiasi hicho, nacho hupungua shinikizo linaposhuka.